Maji ya Tangi la Karakana

Dorkas, acha unachofanya, nisome. Nimetoka kwa shangazi Eliwaza sasa hivi.

Ni babu Tumainieli. Enzi za Mwingereza alifanya kazi kwenye karakana ya malori huko Same. Maji ya kuoshea injini yaliingia kwenye tangi, yakatulia, mafuta yakaelea juu, na kazi yake ilikuwa kufungua bomba la chini kuyamwaga maji shimoni.

Sasa mtu wa kijiji cha Mhezi, aliyezoea tangu utotoni kungoja zamu ya maji kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, amwage maji? Kiangazi? Aliyaona meupe, akachimba mfereji hadi kwenye bustani za majirani. "Maji hayatupwi," akawaambia. Wakamshangilia!

Kisha mbuzi waliokunywa mferejini wakaanza kufa. Babu akayachota kiganjani, akanusa. Mafuta! Meupe vile, na mafuta yamo! Akafunga bomba.

Dorkas, walimjia na ndoo na fimbo. "Mzungu amekutuma utunyime maji!" Akawaapia kwamba yana sumu. Wakamjibu, "Si wewe uliyesema maji hayatupwi?"

Maneno yake mwenyewe!

Akafungua. Nakwambia akafungua, kwa mkono wake.

Na ndoo ya kwanza kujazwa ilikuwa ya bibi, mkewe! Alikuwa na mtoto mgongoni, analia kiu.

Mtoto huyo si shangazi. Shangazi alikuwa hajazaliwa.

Unalikumbuka lile kaburi dogo nyuma ya migomba, tulilokuwa tunaliruka tukicheza? Ndiye.