Mishono ya Baba kwenye Lango la Konokono

Ghorofa ya tatu,
Juu ya duka la rangi.
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini iwe pambo? Mimi mzima, ila macho yanauma kwa kukodolea kompyuta, na usingizi sina. Sababu unayo wewe, nadhani. Subiri nifike huko.

Kazi yangu nilishakueleza ukacheka: nayavisha nguo mawe ya kwenye gemu. Wenzangu wakishachonga umbo kwenye kompyuta, linakuwa kijivu tupu. Mimi nalipasua kwenye mishono, nalitandaza bapa, nachora juu yake mawe, kutu au ukungu, kisha nalivisha tena. Ndiyo kazi ya marehemu Baba na makochi yake, tofauti ni kwamba mimi sina misumari.

Mwezi uliopita nilipewa lango la pango lililojikunja kama konokono, matundu kila upande. Limenitoa jasho! Kila nikilivisha, mawe yanavutika mpaka yanafanana na tambi. Wiki tatu, Shangazi.

Alhamisi iliyopita nikatoka kula. Niliporudi nikakuta limepasuliwa upya, limekaa sawa, hata jiwe moja halijavutika. Nani kaligusa? Hapa ukifungua faili la mwenzako unafukuzwa. Machale yakanicheza, nikamtazama msichana wa meza ya jirani, mgeni wa miezi miwili, tunamwita Miwani. Mkimya kupita kiasi. Nikajisemea, huyu ananichimba, anataka mkuu wa kazi aone kwamba mimi siwezi. Tangu siku hiyo nazima kompyuta hata nikienda msalani.

Halafu nikaiangalia ile mishono vizuri. Kwenye mkunjo mgumu hakupasua mstari mmoja. Amekata mikato mitatu mifupi, mfano wa unyayo wa kuku, na mshono mrefu ameupeleka nyuma, upande wa ukutani. Shangazi, hivyo ndivyo alivyokuwa akikata Baba! Hata mafundi wake hakuwaonyesha. Aliniambia hiyo ni ya mwanawe tu, na mwanawe ni mimi peke yangu. Au?

Nikamuuliza Miwani kijuujuu, kama vile sina habari, kukata namna ile kafundishwa na nani. Akasema, "Mzee wangu. Alikuwa fundi wa makochi." Akavua miwani akaanza kuifuta, na wala haikuwa na vumbi.

Sasa nikukumbushe jambo. Siku tuliyomzika Baba kuna mama alisimama nyuma kabisa, kamshika mkono binti wa miaka kama kumi, mwenye miwani. Nilikuuliza ni akina nani. Ukanijibu harakaharaka kwamba ni wateja, wamefuata kiti chao. Wateja gani hao wanaolia vile kwa ajili ya kiti? Nilikuwa mdogo, nikameza. Leo simezi. Usinizungushe, wala usinijibu kwa habari za goti.

Jana mkuu wa kazi aliniita mbele ya wenzangu. Ameona kwenye kompyuta kwamba faili langu lilifunguliwa saa saba mchana, nikiwa nje, akataka kujua ni nani. Miwani alikuwa mezani pake, mikono imeganda juu ya kibodi. Siku zote hizo nilikuwa nimejiandaa kumtaja. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni mimi, nilirudi mara moja." Hakuniamini, akanipa barua ya onyo kwa kuacha kompyuta wazi. Nimedanganya kwa ajili ya mtu nisiyemjua, Shangazi, kwa hiyo andika upesi uniambie yeye ni nani wangu.

Nisalimie mumeo, na wale mapacha wenu uwaambie waache kuniomba gemu za bure. Mungu akutunze, akulainishie goti, na akupe moyo wa kusema kweli.

Wako akupendaye hata akikushuku,

Mtoto wa kaka yako.
Wa kwanza, nadhani.