Jina Langu Kwenye Barua ya Majirani

Mjukuu wangu Salma,

Assalamu alaikum huko Nairobi. Sisi wazima, na goti la babu yako limepoa. Umeniuliza kwa nini naiombea dua kesi mliyoifungua wewe na wenzako ya kuiondoa sheria inayowatia hatiani wenye virusi vya ukimwi.

Miaka ya tisini majirani wa mtaa wetu wa Kibokoni waliwaandikia polisi barua, wakitaka Bi Rehema, mjane mwenye ukimwi, afungwe, eti anaeneza ugonjwa. Nami kwa hofu nikatia saini.

Wiki ile ile dada yangu Zuhura alikuwa amekonda sana. Nikamwambia, "Twende hospitali ukapimwe."

"Nikapimwe, nanyi mniandikie barua mimi pia?"

Nilikwenda kwa mzee wa mtaa aliyekuwa na barua ile, nikalikata jina langu mbele ya watu. Wengine wawili wakakata yao, na barua haikupelekwa. Kisha nikabisha kwa Bi Rehema kumwomba radhi. Yeye ndiye aliyefuatana nasi hospitali, kamshika Zuhura mkono.

Dada yangu hakuziwahi dawa za leo. Lakini hakujificha tena, na wageni hawakukatika kitandani pake hadi mwisho.

Bibi yako,
Mwanakombo