Nilimpinga Shemeji kwa Majina Mawili

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie, tena kabla Jumatatu haijafika, maana nimefika mahali chakula nakiacha mezani na mke wangu ameanza kuniuliza kama naumwa.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta, nina miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka sita nimekuwa kwenye kundi la watu wanaojitolea kutengeneza programu inayotumiwa na zahanati, ile inayotunza kadi za wagonjwa na kuchapisha lebo za dawa. Hatukutani ana kwa ana, kazi yetu yote inapita kwenye orodha ya barua pepe, yaani unatuma barua moja inawafikia wanachama wote mia nne, na ikishatoka imetoka, huwezi kuifuta. Tuna utaratibu wetu: anayetaka kubadilisha kitu analeta pendekezo, linakaa siku tano, wakijitokeza wanachama wawili kulipinga linawekwa kando miezi mitatu, wasipofika wawili linapita.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi kwetu, na kazi hii nimemfundisha mimi mwenyewe pale sebuleni, nikamwingiza na kwenye kundi. Mwezi uliopita akaleta pendekezo. Aligundua kwamba wagonjwa wawili wenye jina moja wakifika siku moja, programu inachukua kadi ya kwanza inayoiona na kuchapisha lebo yake kwa wote wawili, na njia ya kurekebisha ni kuifuta sehemu ya kutafuta majina na kuiandika upya. Mshauri, sehemu hiyo niliiandika mimi. Ndiyo iliyonipa heshima, mpaka leo kwenye kundi wananiita Mzee wa Majina. Na hakuniambia kwanza, nilisoma kwenye orodha kama watu wengine, ikaniuma, nikajisemea huyu mtoto wa juzi ananiaibisha mbele za watu, nikaandika kupinga, nikasingizia kwamba haijajaribiwa vya kutosha, nikingoja wakongwe wenzangu waniunge mkono. Siku ya tano ikafika, kimya. Basi wenzangu ofisini walipotoka kwenda kula, nikafungua anwani mpya, nikajiita Mtazamaji, nikajiunga na orodha, nikapinga mara ya pili. Pendekezo likawekwa kando.

Nilidhani nitaishia hapo. Lakini shemeji akamjibu Mtazamaji kwa adabu, akaambatanisha majaribio ishirini, yote yamefaulu, ikabidi Mtazamaji naye ajibu, na sijui shetani gani alinipitia nikaandika kwamba aliyeleta pendekezo hili arudi darasani kwanza, asichezee kazi ya watu wazima. Watu watatu wakamuunga mkono Mtazamaji! Narudi nyumbani namkuta shemeji kwenye kochi, kompyuta mapajani, macho mekundu, ananiuliza, "Shemeji, huyu mtu nimemkosea nini?" Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Si wewe ndiye mkubwa kwenye hilo kundi lenu? Mtetee mdogo wangu bwana!" Nikakaa naye, mshauri, tukaandika pamoja barua ya kumjibu Mtazamaji, mimi nikimrekebishia maneno, na alipomaliza akanishukuru.

Juzi muuguzi wa zahanati moja ameandika kwenye orodha. Alipokea bibi na mjukuu wake wa miezi minane, wote wagonjwa, jina moja, na mtoto akachapishiwa lebo ya bibi, kipimo cha mtu mzima. Aliligundua kosa hilo chupa ikiwa tayari mkononi mwa mama wa mtoto. Barua yake inamalizika hivi: "Leo niliiona. Kesho foleni ikiwa ndefu, sijui."

Na jana shemeji amenipa nimsomee barua ya kuliaga kundi. Anaituma Jumatatu. Anasema labda kweli kazi hii si yake.

Nimewaza hivi, Mtazamaji aandike kwamba amebadili mawazo, aondoe pingamizi lake, kisha apotee asionekane tena, pendekezo litapita, shemeji atabaki, na hakuna atakayeumia. Nikisema ukweli kundi litanifukuza, na nyumbani sijui watanitazamaje. Niambie, nikifanya hivyo ni vibaya?

Ni mimi, niliyekwama

*

Wewe uliyekwama,

Ni vibaya. Tusipoteze muda hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakiri mara ya kwanza nilikuonea huruma. Kumfundisha mtu mpaka akakupita kunauma, na anayesema hakuumi hajawahi kumfundisha mtu. Ungemwambia tu, "Shemeji, ungenidokeza kwanza," angekuelewa, mngecheka, yangeisha. Hilo lilikuwa la nyumbani. Wewe ukalipeleka kwa watu mia nne ukiwa na sura ya bandia, halafu ukarudi kukaa naye kochi moja kumsaidia kumjibu mtu ambaye ni wewe. Jamani! Akakushukuru, na shukrani ukaipokea. Hapo huruma iliniisha.

Mlikubaliana kwamba pingamizi mbili ni watu wawili. Utaratibu wenu wote umesimama juu ya hilo, na hakuna anayekagua, kwa sababu mnaaminiana. Wewe mkongwe ndiye uliyeuvunja. Na unaniambia "hakuna atakayeumia", mistari michache tu baada ya kunisimulia mtoto wa miezi minane. Rudi ukasome ulichoandika.

Hiyo hila ya Mtazamaji kubadili mawazo ifute kichwani. Shemeji yako atabaki akiamini kuna mtu mahali fulani anamdharau, wale watatu wataendelea kumdharau kweli, na wewe utabaki na anwani yako ya pili. Siku ukiudhiwa tena utaifungua. Usibishe, hata mara ya kwanza ulidhani utaishia hapo.

Fanya hivi. Anza na shemeji, kabla ya kundi, na mke wako awepo. Usianze na miaka sita wala heshima yako. Sema, "Mtazamaji ni mimi," kisha unyamaze, uwaache waseme. Watasema, tena sana, na utavumilia. Ukitoka hapo andika kwenye orodha, kwa anwani yako halisi, mistari mitano isizidi: kwamba pingamizi zote mbili ni zako, unaziondoa zote, pendekezo ni sahihi, na wasimamizi waamue juu yako. Wakikufukuza, umefukuzwa. Usiandike kurasa tatu za kujuta ili watu wakubembeleze. Halafu mwandikie yule muuguzi yeye binafsi, umweleze namna ya kukagua majina yanayofanana mpaka marekebisho yamfikie. Na shemeji yako akitaka bado kuondoka, aondoke akiwa anajua ukweli. Usimshike mkono kumwomba abaki ili wewe ujisikie vizuri.

Jambo la mwisho, na utanichukia. Barua za wasomaji huwa nazipunguza, nabadilisha kazi ya mtu na mambo ya familia yake ili asijulikane. Yako nilikaa kuibadilisha nikashindwa. Ukurasa huu unasomwa na wauguzi, na wapo wanaotumia programu yenu leo hii, na lazima wajue wasome jina na umri kwenye kila lebo kabla ya kutoa chupa. Nikificha habari ya lebo, sijawaambia kitu. Kwa hiyo nimeichapisha kama ilivyo, na shemeji yako akiishika atajitambua kabla hajamaliza aya ya tatu. Jana nilikupigia mara nne ile namba uliyoniandikia, hukupokea.

Gazeti limeshatoka. Kama wewe ndiye uliyelishika kwanza hapo nyumbani, inuka sasa hivi uende kwake.