Usimtazame Daktari Midomo

Mombasa, Jumapili. Ni miezi mitano tangu nitoke Malava.

Mjukuu wangu Nafula,

Mimi mzima, ila kazi ya mjengo imeuchosha mgongo. Nimefurahi ng'ombe amezaa. Unauliza ufanyeje ili ufaulu ukipimwa masikio hospitalini. Swali hilo limenitia hofu.

Nikiwa darasa la pili, muuguzi alitupima kwa kunong'ona maneno. Nilisoma midomo yake, nikajibu yote. "Huyu anasikia, ni mvivu tu," akamwambia mwalimu. Nilirudi nyumbani nikijisifu. Lakini mwalimu akigeukia ubao sikupata neno, mpaka nikaacha shule.

Najua wewe ni mjanja kama mimi. Tafadhali, usimtazame daktari midomo. Usiposikia, sema hujasikia, wakupe kifaa cha masikio.

Nitarudi Desemba. Nitakuita nikiwa nyuma yako, na naomba ugeuke.

Babu yako