Jiwe la Saidi Halikutoka Mahenge

Mama yangu,

Shikamoo. Ukishaitikia, kaa chini, vaa miwani, na usimpe mtu akusomee. Simu ya nyumbani mnaiweka spika uani, Issuna nzima inajua nimekula nini huku Bangkok, ndiyo maana haya nimeyaandika. Mguu unaendeleaje? Na alizeti imekubali, au jua limeiharibu? Mimi afya ninayo, utulivu ndio sina. Kila nikiandika mstari nainuka kwenda dirishani, kama vile kuna mgeni ninayemsubiri.

Ni habari ya lile jiwe jekundu la Saidi.

Mjomba Hamisi alipomkabidhi bosi wangu jiwe hilo, bosi alipokuja Arusha kununua mawe, uliniagiza niulize tu kama ni rubi ya kweli. Lakini nakujua. Safari ulikuwa nayo kichwani: ukishavuna, unapanda basi kwenda Mahenge kumtafuta mwanao aliyeondoka bila kuaga, kwa sababu dereva wa lori aliyekupa jiwe pale njia panda ya Mkiwa alisema Saidi yuko Mahenge, anachimba, mzima, anakusalimu. Ulimwamini kwa kuwa alikuamkia kwa Kinyaturu chetu. Hata mimi ningemwamini.

Rubi ni ya kweli, Mama. Nikampelekea dada wa maabara, ghorofa ya juu ya tunapochambulia mawe, nikijua ataandika Mahenge, nami nikutumie karatasi ufurahi. Akaliweka kwanza chini ya taa ya mionzi, ndani ya kisanduku cheusi. Rubi za Mahenge huzaliwa kwenye marumaru, hazina chuma kingi, ukizimulika hivyo zinawaka kama kaa lililopulizwa. La Saidi likawaka kidogo, likafifia. Nikamwambia taa yake mbovu. Akacheka, akanionyesha kwenye darubini vijiti vyembamba vilivyolala ndani ya jiwe, akasema kwenye ya Mahenge havionekani sana. Mwisho akalidonoa kwa mwali wa leza, kitobo usichoweza kukiona, akapima chuma na vinginevyo vilivyomo, akalinganisha na mawe ya machimbo mbalimbali waliyonayo kabatini, ya Mahenge yakiwemo.

"Hili si la Mahenge," akasema. "Linafanana na ya kaskazini mwa Msumbiji."

Nikabishana naye, Mama, kwa hasira ambayo hakuistahili. Akanivumilia. Akaniambia hayo ni maoni ya kitaalamu, si kiapo, lakini kwamba si la Mahenge, hilo hana wasiwasi nalo.

Huko Msumbiji ndiko unakokusikia redioni, kwenye bunduki na watu wanaokimbia vijiji. Saidi anajua unasikiliza taarifa ya habari kila jioni. Nadhani ndiyo maana alikutajia Mahenge, mahali ambapo mtu wetu anaweza kwenda na kurudi kwa basi. Amekudanganya ili upate usingizi, na sasa mimi ndiye ninayekunyang'anya. Namkasirikia sana. Halafu namkumbuka akikubebea ndoo ya alizeti, anaimba ovyo, na hasira inaniishia.

Tangu siku hiyo sikai. Kazini nachanganya mafungu ya mawe, bosi ananitazama. Nimeangalia video za wachimbaji mpaka macho yanauma, natafuta ile namna yake ya kusimama na mkono kiunoni. Ningekuwa Singida ningekuwa nimeshaondoka, hata sijui kuelekea wapi.

Kwa hiyo nakuomba, usipande basi la Mahenge. Utauliza kambi kwa kambi kwa mguu huo, na hayuko. Nenda Mkiwa, umsubiri yule dereva. Anayejua Kinyaturu hawezi kuipita Mkiwa siku zote bila kusimama. Usimuulize Saidi yuko wapi, atarudia alichofundishwa. Muulize yeye mwenyewe jiwe alilipokea wapi, Mtwara, Songea, au wapi, na kutoka mkononi mwa nani. Maana hata dada wa maabara aliniambia, jiwe linaonyesha lilikochimbwa, halionyeshi limepita kwa nani. Huenda Saidi alilipata kwa mtu, na mguu wake haujavuka mpaka wowote. Hilo nimelishikilia.

Nisalimie Baba mdogo, mwambie ile redio yake aipunguze sauti. Shangazi Mwajuma mpe pole ya mbuzi wake. Mjomba Hamisi mshukuru, ila usimweleze bado. Binamu zangu wa Singida Mjini waambie wanipigie, si kunitumia picha za maua tu.

Bosi alitaka kulinunua jiwe, nimekataa. Nalirudisha kwako kwa vibali vyake, kupitia mfanyabiashara wa Singida anayekuletea barua hii. Lifunge kwenye kitambaa chako, usiliuze. Na Saidi akiingia uani siku moja, akakuambia alikuwa Mahenge, muitikie, Mama. Mpe maji ya kuoga, mpe ugali, na usimuulize kitu.

Ni mimi mwanao,
Halima