Betri za Ndege Ndani ya Redio Yako, Mama

Mpendwa mama,

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Ulipokuwa hai nilikosa ujasiri. Sasa umelala nyuma ya nyumba, kando ya chai yako, ndipo maneno yanakuja. Naona aibu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukianika betri za redio juani, juu ya mabati, ili zikupe angalau matangazo ya vifo? Wakati huo nilikuwa fundi msaidizi kwenye kiwanja cha ndege cha shamba la chai. Mkiani mwa ile ndege ndogo kulikuwa na kisanduku: ndege ikianguka, kinaanza chenyewe kutuma mlio hewani ili watafutaji wajue iliko. Betri zake hubadilishwa tarehe ikifika, hata kama hazijatumika. Siku nilipopewa mpya, kubwa kama za redio yako, nilijiambia zitakaa bure mle mkiani. Nikarudisha mle kisandukuni zile kuukuu, nikabandika karatasi ya tarehe mpya, nikakuletea zile nzuri.

“Weh, Kiprono,” ulisema, “sasa redio inaongea kama mtu ako hapa ndani!” Ukaita majirani waje wasikie. Nilijiona mwana wa maana kweli.

Kisha Kapteni Ouma akapotea. Ni yule rubani aliyekuja kwetu akanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, vikombe viwili, ukamwita mwanao. Aliruka asubuhi, ukungu ukafunga upande wa msitu wa Mau, hakufika alikokwenda. Mkubwa wetu alitutuliza: “Kama angeanguka, ile kitu ingelia. Haijalia. Ametua tu mahali.” Wakaenda kumtafuta kwenye mashamba ya ngano huko Mulot, ambako ndege inaweza kutua. Mimi peke yangu nilijua kwa nini kisanduku kilikuwa kimya. Neno moja tu lingewageuza waelekee msituni. Niliogopa kufutwa kazi, nikanyamaza.

Jioni ukaisikia habari hiyo kwenye redio ile ile. Ukaizima, ukapiga magoti, ukanivuta kando yako. “Omba wewe, Kiprono. Wewe ndio unamjua.” Nikaomba aonekane. Niliomba kwa sauti, mama, na jibu la sala hiyo lilikuwa kinywani mwangu.

Siku ya tatu warina asali walimkuta katika msitu wa Mau, juu ya Kimulot. Alikuwa amevunjika mguu, akaufunga kwa shati lake. Daktari alisema alikuwa hai mpaka siku iliyotangulia. Ulilia, kisha ukanifariji mimi, eti nimempoteza rafiki. Tangu hapo ukaniombea kila asubuhi kwa jina langu, mpaka ulipotuacha.

Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakungoja. Alizaliwa siku hiyo hiyo. Nimeishi naye miaka hii yote, nikila ugali, nikicheka na watu, nikienda kanisani na Biblia yako kwapani.

Kesho naenda kwa mke wa Kapteni. Huenda akanisikiliza, huenda akaniitia polisi. Vyovyote vile nitamwambia mumewe hakuuawa na ukungu peke yake. Lakini nimeona nianze na wewe. Sikuombi unisamehe, mama. Nataka tu ujue ni nani uliyekuwa ukimwombea.

Pumzika.

Mwanao,
Kiprono