Mstari Uliofutika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana baada ya hapo hata ukinijibu itakuwa kazi bure. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, ni fundi wa mtandao wa kompyuta katika hospitali moja, na kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye mkuu wa kitengo chetu na ndiye aliyenileta pale nikiwa sijui hata kebo inachomekwa upande gani. Hospitali nzima wanamwita Mstari Mmoja na nitakueleza kwa nini, kwa sababu balaa lote limeanzia hapo.

Sisi hatubofyi picha, mshauri, tunaandika amri kwa kibodi, maneno matupu kwenye skrini nyeusi, na kompyuta inatii neno kwa neno bila kukuuliza kama una hakika. Ukibadilisha kitu kwenye muunganisho wa seva, yaani ile kompyuta kubwa inayobeba kazi za wote, inabidi uushushe kwanza halafu uupandishe, ndipo mabadiliko yashike. Ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe hakuna shida. Lakini kama umeingia kutoka mbali, unaongea nayo kupitia muunganisho uleule unaotaka kuushusha, kwa hiyo ukishaushusha tu umejifungia nje na amri ya kupandisha haina pa kupitia. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza mjomba alinikalisha akaniambia, "Mama, shusha na pandisha ziandike mstari mmoja, kwa pumzi moja, ndipo ubonyeze enta. Usiishie katikati hata kama nyumba inaungua." Anamwambia hivyo kila fundi mgeni, na jina likamganda.

Wiki tatu zilizopita, kwenye saa nne asubuhi, nilikuwa zahanati yetu ndogo iliyo mwendo wa saa nzima kutoka hospitali, natengeneza printa, nikakumbuka kuna anwani inatakiwa kubadilishwa kwenye seva, nikasema ngoja nimalize kabisa, nikaingia kutoka kulekule. Nikaandika kushusha. Kabla sijaandika kupandisha, nesi akaniuliza kama printa imepona, nikageuka kumjibu, na sijui ni mazoea ya vidole au ni shetani, enta ikabonyezeka. Skrini ikaganda. Mshauri, nilijua palepale.

Nikampigia mjomba nikamwambia, "Mjomba, mtandao umekatika."

Akasema, "Lo! Hata hapa naona. Basi itakuwa ni mimi, mama, niko chumba cha mitambo napanga kebo kwenye kabati, labda nimevuta nisiyopaswa kuvuta."

Yeye ndiye aliyetamka hivyo, sikumwekea maneno mdomoni. Mimi nilisema neno moja tu, nilisema, "Labda."

Basi akaanza kukagua kebo moja baada ya nyingine, kebo tisini na kitu, anachomoa, anachomeka, yuko juu ya ngazi na miaka yake hamsini na minane, na kila baada ya muda ananipigia, "Huko imerudi?" nami najibu bado. Maabara ikawa haiwezi kutuma majibu wodini, watu wakawa wanakimbia na karatasi kwenye korido, nyingine zikaishia wodi siyo. Kulikuwa na mama mmoja ametoka kujifungua, anatokwa na damu, karatasi ya kundi lake la damu ikapotea njiani, akasubiri damu saa mbili nzima. Alipona, namshukuru Mungu, ameshakwenda nyumbani na mtoto wake, lakini nesi aliyekaa naye aliniambia miguu yake ilikuwa imeanza kuwa ya baridi. Saa saba kasoro mjomba akaamua kuizima seva na kuiwasha upya, na muunganisho ukapanda wenyewe kama unavyopanda kila seva inapowaka, yeye akaamini kwamba kebo ya mwisho aliyoichomeka ndiyo iliyokuwa imelegea, na kwamba aliilegeza kwa mkono wake.

Seva huweka kumbukumbu ya kila amri na saa iliyoandikwa. Kesho yake nilipoingia kuangalia, ule mstari wangu ukawa umefutika.

Sasa mjomba amemwandikia mganga mkuu barua, amekubali kosa lote na ameomba apumzishwe kazi. Alhamisi kamati inakaa kumsikiliza. Mimi nimeletewa barua ya kukaimu nafasi yake, iko kwenye mkoba wangu, sijaitia sahihi. Jumapili nilikwenda kwake nikamkuta amevaa shati safi, amekaa barazani na mkewe, ndevu zimenyolewa kwa kinyozi. Mjomba hajawahi kunyolewa na mtu tangu namfahamu! Nikamuuliza, akacheka kidogo akanyoosha mkono wa kulia mbele yetu akautazama, akasema, "Huu umeanza kunidanganya. Siuamini na wembe." Mkewe akainuka akaingia ndani. Kisha mjomba akaniletea koleo lake la kubania vichwa vya kebo, lile lenye mpini uliofungwa utepe mweusi, akaniwekea mapajani, akasema, "Chukua wewe, mkono wako ni mzima."

Nimelichukua, mshauri. Nimelichukua na nikasema ahsante.

Sili nikashiba, roho inanisuta, mama ananiambia nimekonda na mimi namwambia ni kazi nyingi. Najiuliza, kwa kuwa yeye ameshakubali, na amebakiza miaka miwili tu astaafu, na watu wote wanamheshimu na hakuna atakayemfukuza kwa aibu, si bora nikae kimya apumzike kwa amani? Nikimwambia leo kwamba ni mtoto aliyemlea ndiye aliyemwacha juu ya ngazi anahangaika, si nitamuua kwa uchungu? Na mama naye nitamtazama vipi? Nishauri, tafadhali, na jina langu usilitoe.

Ni mimi, Mpwa wa Mstari Mmoja.

*

Mpwa,

Kompyuta mimi siijui. Yangu nikiizima huwa naiombea dua iwake tena kesho. Lakini Kiswahili nakijua, na barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Mtandao "umekatika". Enta "ikabonyezeka". Mstari "ukawa umefutika". Haya, makubwa! Hiyo hospitali yenu kila kitu kinajifanyia chenyewe, mtu hayumo. Mstari ulifutikaje, mwanangu? Ulishikwa na aibu ukaondoka kwa miguu yake?

Uliufuta wewe. Umeniandikia kurasa tatu na neno hilo limekushinda kuliandika, basi nimekuandikia. Uliukata mtandao, uliibonyeza enta, uliufuta mstari. Yasome hayo kwa sauti, peke yako, mpaka ulimi uyazoee, kwa sababu utayahitaji.

Sasa nikutendee haki. Kidole kuteleza hakuna asiyeteleza. Ungesema wakati uleule, "Mjomba, nimeushusha na sijaupandisha," angekugombeza, angekwenda akakaa mbele ya seva, angeandika amri moja, na leo mngekuwa mnataniana. Ingekuwa hadithi ya dakika tano. Nakuonea huruma kwa dakika ile, kweli, maana najua hofu inavyomfunga mtu mdomo.

Ila zile saa karibu tatu sina huruma nazo. Mzee yuko juu ya ngazi anatafuta ugonjwa kwenye kebo zilizo nzima, anakupigia simu, "Huko imerudi?" na wewe ndiye mtu pekee duniani unayejua kwamba anatafuta pasipo na kitu. Ukamjibu bado. Mara ngapi? Hukuniambia, na nadhani unaikumbuka hesabu yake. Yule mama miguu ilipoa kwa ajili ya "labda" yako, si kwa ajili ya kidole chako. Nakwambia hivi waziwazi kwa sababu wote wanaokuzunguka wanakusifia mkono mzima.

Unaniuliza kama si bora apumzike kwa amani. Amani ipi? Mtu aliyejinyoa mwenyewe miaka arobaini leo anapeleka kidevu chake kwa kinyozi kwa kuogopa mkono wake! Hukumnyang'anya kazi tu. Umemfanya asijiamini, na hilo atalala nalo na kuamka nalo hata baada ya hao wa kamati kusahau jina lake. Kila kikombe kitakachomponyoka atasema, "Mnaona?" Na mkewe atainuka tena aingie ndani. Hiyo heshima unayotaka kumstaafishia ni ya uongo, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kwa kusema unamhurumia yeye. Unajihurumia wewe.

Ukweli hautamuua. Utamkasirisha. Huenda asikuite "mama" tena kwa muda mrefu, huenda mama yako naye akanuna, na kazi yako huenda ikaenda. Sikufichi, yote yanaweza kutokea na hakuna hata moja litakalokuwa la kuonewa. Kukasirika ni haki yake, mwachie.

Utafanya hivi. Ile barua ya kukaimu irudishe leo, bila sahihi. Kisha mwandikie mganga mkuu barua yako mwenyewe: siku, saa, ulikuwa wapi, uliandika amri gani, na kwamba uliifuta kwenye kumbukumbu. Weka "mimi" kwenye kila sentensi. Omba na familia ya yule mama ielezwe ukweli na hospitali, kwa sababu wana haki ya kujua kilichowasubirisha ni nini. Lakini barua hiyo usiipeleke kabla ya kwenda kwa mjomba. Yeye asikie kwanza, na asikie kutoka kwako, si kwa mganga mkuu, si kwa mama yako, wala si kwa kusoma safu yangu, maana gazeti hili linaingia barazani kwake pia na hilo jina la Mstari Mmoja umeliandika wewe. Safu hii inatoka Jumatano. Kwa hiyo nimekutumia jibu hili mkononi tangu Jumatatu, na una siku moja.

Na usimpigie simu. Wewe mwenyewe umenifundisha kwenye barua yako kwamba mtu akishajifungia nje kutoka mbali, hakuna amri itakayopita, inabidi aende kwa miguu akakae mbele ya mashine. Basi nenda ukakae mbele ya mjomba wako. Libebe lile koleo. Usianze na salamu ndefu, usianze na kulia, na lile neno "umekatika" liache nyumbani.

Una mambo mawili ya kumwambia. Moja litamshusha, la pili litampandisha. Najua watu wa aina yako: utasema la kwanza, utaona uso wake unavyobadilika, utaanza kulia na kuomba msamaha, na la pili litabaki kooni, mzee abaki na uchungu mpya na mkono uleule asiouamini. Kwa hiyo sema yote mawili kama alivyokufundisha mwenyewe, kabla hajapata nafasi ya kukujibu, huku ukimrudishia koleo lake mkononi, mkono wa kulia:

"Mjomba, mtandao niliukata mimi, na mkono wako ni mzima."

Mstari mmoja, kwa pumzi moja. Safari hii usiishie katikati.